Kisanduku Kikiwa Wazi

3 Februari

Kwa Bibie Jicho,

Salamu nyingi sana. Najua utaigeuza barua hii mara mbili kabla ya kuamini, kwa hiyo nakusaidia: ni mimi, Kifuniko, wa chumba cha kufungashia pale kiwanda cha sarafu. Tulikaa meza moja, wewe upande wa dirisha, mimi upande wa rafu. Wewe uliziweka sarafu na kuzikagua, mimi nilifunga. Anwani yako nimepewa na Mzee wa Mizani, niliyekutana naye kliniki ya macho. Bado anadanganya umri wake, sasa hivi ni mdogo kuliko mimi.

Naandika kwa sababu masikio yangu na simu havipatani tena. Nikimpigia binti yangu, jirani ndiye anayenijibu kutoka dirishani.

Nina shida ya kazi. Nina seti moja ya kioo. Wewe huhitaji maelezo, lakini binti yangu anachungulia begani kwangu na kuuliza kioo gani, basi namwandikia na yeye: ni zile sarafu zinazogongwa mara mbili kwa mhuri uliosuguliwa, zinang'aa mpaka unayaona meno yako, na haziendi dukani. Zinapangwa kwenye bamba la plastiki, bamba linaingia kwenye kisanduku cha bluu chenye sponji, kisanduku kinavikwa ganda la karatasi ngumu, na juu kabisa inabandikwa stika ya dhahabu. Yangu iko vilevile. Haijafunguliwa tangu nilipoifunga mwenyewe.

Sasa bomba la jirani wa ghorofa ya juu limepasuka. Maji yameteremka na ukuta mpaka kwenye kabati langu, na ganda limevimba pembeni. Nikiiacha hivi, unyevu utapenya mpaka ndani na sarafu zitaliwa. Nikiifungua vibaya, nitaziharibu mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kufunga. Kufungua walikuwa wanakupa wewe, zile seti zilizorudishwa na wateja. Nisaidie.

Nakutakia afya njema wewe na wa nyumbani kwako.

Wako,
Kifuniko

*

11 Februari

Bwana Kifuniko,

Salamu zimefika na mimi sijambo. Naishi na dada yangu mkubwa, tunashona mapazia ya watu na kugombana kuhusu redio. Simu ninayo, ila inashika mtandao nikisimama juu ya kiti, na mimi na viti tumeachana. Kwa hiyo barua zinanifaa.

Umeniuliza jambo ninalolijua, na sijaulizwa siku nyingi, basi kaa chini usikilize. Usianze na kisu. Ninyi wanaume mkiona kitu kimefungwa mnatafuta kisu. Chagua meza iliyo mbali na jiko, maana mvuke wa sufuria ni adui. Zima feni. Tandika taulo nene, safi, isiyo na nyuzi zinazochomoka, ili kitu kikianguka kiangukie pazuri. Nawa mikono kwa sabuni, kausha, usipake mafuta. Kisha vaa glavu za pamba.

Stika ya dhahabu usiichane. Azima kikausha nywele cha binti yako, kishike mbali kidogo, pasha gundi mpaka ilegee, halafu ingiza ukingo wa kadi ya plastiki taratibu. Ganda likitoka, liweke kando likauke kivulini, usilianike juani litajikunja. Ukifungua kisanduku, utakuta sponji imezeeka kama sisi. Huwa inamomonyoka inakuwa unga unaonata. Usipulize, nakuomba. Inamisha kisanduku unga uanguke wenyewe, kisha inua bamba kwa pembe zake mbili.

Litazame bamba dhidi ya dirisha. Kama ndani ni safi, kazi imekwisha, litafutie kisanduku kipya. Kama ndani kuna ukungu, itabidi ulifungue lenyewe, na hapo ndipo sarafu zinakuwa uchi. Zishike ubavuni tu. Usipanguse chochote, hata ukiona alama mbaya namna gani. Na mdomo ufunge. Natumaini hujasahau yale maandishi ya ukutani juu ya rafu yako: Kisanduku kikiwa wazi, mdomo ufungwe. Mate ya mtu ni kitu kidogo, lakini yakitua kwenye kioo hayaondoki.

Nijulishe ilivyokwenda. Nitafurahi kusikia.

Jicho

*

20 Februari

Bibie Jicho,

Asante. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nilikuwa nakusikia kabisa ukisema "nakuomba" kwa ile sauti yako isiyoomba.

Kazi bado. Glavu nilizonunua ni kubwa, vidole vinabaki na mikia. Nitatafuta nyingine. Pia nina wasiwasi na meza. Ina mguu mmoja mfupi na inacheza. Unaonaje, niweke karatasi chini ya mguu, au nitafute meza nyingine? Na taulo, je, rangi ina maana yoyote?

Mimi huku naendelea vizuri. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, miaka sasa. Alikuwa mcheshi, ungempenda, na alipika akiimba mpaka majirani walijua tunakula nini. Binti yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto, ndiye ninayekaa naye. Ananipimia presha hata kama sijamwambia chochote. Na wewe, nilisikia uliolewa na mwalimu wa hesabu. Yu mzima? Bado unapenda kukaa upande wa dirisha?

Kifuniko

*

1 Machi

Bwana Kifuniko,

Rangi ya taulo. Umekaa meza ya kufungashia ujana wako wote, unaniuliza rangi ya taulo.

Mwalimu wangu hayupo tena. Alikuwa mtu wa taratibu na mwenye huruma, alisahihisha daftari za watoto kwa penseli ili wasiumie. Nilikaa naye vizuri. Ndiyo, bado nakaa dirishani, dada yangu anasema nimeota mizizi.

Sasa nisikilize. Unyevu haungoji glavu. Wewe unavyozidi kupima meza, ganda lile linazidi kunyonya maji na kuyapeleka ndani. Ukishindwa glavu, acha glavu, mikono mikavu iliyooshwa inatosha kama utashika pembeni. Chukua vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, viweke pamoja na kisanduku kwenye ndoo yenye mfuniko, angalau upate nafasi ya kupumua. Kisha fungua.

Na kama lengo ni kuuza, niambie ukweli, sitakucheka. Mnunuzi atapenda zaidi ganda likiwa na stika yake. Lakini usinizungushe. Mtu anayetaka kufungua kitu hukifungua.

Jicho

*

7 Machi

Kwako Mama,

Shikamoo. Hunifahamu. Mimi ni yule binti anayechungulia begani, binti wa Kifuniko. Naandika baba akiwa amelala mchana, na naomba barua hii ibaki kati yetu.

Mama, baba hajafungua na hana dalili ya kufungua. Glavu anazo pea kadhaa, moja inamkaa kama ngozi. Mguu wa meza ulirekebishwa zamani. Vipakiti vya kunyonya unyevu ameviomba duka zima la viatu, kisanduku kimo kwenye ndoo, sawasawa na ulivyosema. Kila asubuhi anazima feni, anatandika taulo, ananawa mikono, anakitoa kisanduku, anakaa mbele yake. Halafu anasema, "Leo kuna upepo," anakunja taulo. Madirisha yamefungwa, Mama.

Wiki iliyopita nilichoka. Nikamwambia baba nipe nikufungulie, kila siku nafungua bandeji za watoto wachanga, siwezi kushindwa na boksi. Baba yangu hajawahi kunipandishia sauti tangu nizaliwe. Siku hiyo alipandisha. Akasema, "Hicho hakifunguliwi bila mwenyewe." Nikamwuliza mwenyewe ni nani. Akasema anakwenda kumwagilia maua. Hatuna maua.

Sikuulizi mambo yenu. Ila mkono wake wa kulia unatetemeka kuliko anavyokubali, na tangu barua zako zianze kuja ananyoa ndevu kila siku, hata siku ambazo hatoki. Mimi ni muuguzi, nimefundishwa kuandika kila badiliko ninaloliona kwa mgonjwa. Hili nimeliona nikaona nikuandikie wewe.

Wako mtiifu,
Binti wa Kifuniko

*

15 Machi

Kifuniko,

Nijibu mambo matatu bila kumung'unya maneno. Seti hiyo ni ya mwaka gani? Uliipataje, maana seti nzuri zote zilikwenda kwa wateja? Na ni ya nani?

Habari ya meza sitaki kuisikia tena.

Jicho

*

24 Machi

Jicho,

Nimeandika barua hii mara nyingi, hii ndiyo iliyotoka na makosa machache.

Seti ni ya mwaka ule ulipohamia chumba cha mizani. Ile yenye korongo kwenye sarafu kubwa, mbawa wazi, mguu mmoja umekunjwa. Ulisema fundi wa mihuri alimpa korongo uso wa msimamizi wetu, na mimi kila nikimwona msimamizi nilitazama kama amekunja mguu.

Ilikuwa Alhamisi, karibu na kengele ya jioni. Bamba lilikuwa wazi mezani kati yetu. Ulikuwa umeweka korongo mahali pake, umekagua, mimi nilikuwa nasubiri utikise kichwa kukubali ili nifunge. Hukutikisa kichwa. Ulinitazama, ukavunja sheria. Ulisema, "Jumamosi utakuja kwetu? Baba atakuwepo."

Jicho, miaka yote tuliyokaa meza ile hatukuwa tumesemeshana neno la maana, kwa sababu muda wa kazi bamba liko wazi na muda wa chakula wanawake walikula kwao na wanaume kwao. Nilikuwa najua viganja vyako kuliko nilivyojua sauti yako. Na siku ile sauti ikaja, ikauliza hilo. Mwili wangu ulifanya ulichozoea kufanya. Nikaweka kidole mdomoni. Nilikuwa na maana kwamba ngoja, ngoja nifunge.

Na niliona tone la mate yako. Dogo sana, liling'aa, likatua kwa korongo karibu na bawa. Nililitazama mpaka likakauka. Utaratibu ulitaka niinue mkono nimwite msimamizi, sarafu irudishwe ikayeyushwe. Kupangusa ilikuwa haramu, tena ningeikwaruza. Basi nikafunga. Nilifunga haraka kuliko nilivyowahi kufunga, ili nipate kujibu. Nilipoinua uso, kengele ilikuwa inalia na kiti chako kiko kitupu.

Asubuhi ulikuwa umeshahamia mizani. Nilichukua trei nikaja huko, nikijifanya nina mzigo. Ulinitazama kama unavyomtazama mtu wa posta ukasema, "Karibu, una cha kupima?" Nikasema ndiyo. Nikapima, nikarudi. Nikajua swali limefutwa.

Ile seti niliiweka rafu ya kasoro, na mwisho wa mwaka tulipogawiwa seti za kasoro ndogondogo, niliomba hiyo. Marehemu mke wangu alijua ipo. Aliwahi kuuliza mbona huifungui, nikamwambia ina kasoro. Hakudadisi zaidi. Sikumnyima chochote kwa ajili ya seti hiyo, na yeye alinijazia nyumba furaha, nataka ulijue hilo.

Mate ya mtu hayaachi alama siku hiyo, wewe ndiye uliyenifundisha. Huchukua miaka ndipo yanatoa doa. Kwa hiyo sijawahi kuliona. Ninachoogopa si kuharibu sarafu. Naogopa nifungue nikute korongo hana alama yoyote, safi kabisa, ionekane nilitunza kitu nilichokiota tu.

Hayo ndiyo majibu matatu. La tatu umeshalijua: ni yako.

Kifuniko

*

2 Aprili

Kwako Mama,

Shikamoo tena. Posta imepita mara kadhaa na hakuna kitu. Baba hasemi, lakini amemwuliza tarishi kama begi lake lina tundu. Naomba tu kujua kama u mzima.

Binti wa Kifuniko

*

5 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Ni mzima. Mwambie baba yako begi la tarishi halina tundu, na kwamba nashona pazia kubwa. Ni kweli, lipo. Nimelishona upande kwa upande likageuka mfuko, dada yangu amecheka mpaka amelala chini. Nipe siku kidogo.

Jicho

*

10 Aprili

Kifuniko,

Nimeshafumua lile pazia, sasa naweza kuandika.

Kidole mdomoni. Unajua mimi nilisoma nini kwenye kidole kile? Nilisoma, nyamaza wewe, usiniaibishe mbele ya watu. Uso ulinichoma. Msichana ameshapiga moyo konde, amemwandaa baba yake, amemdanganya mama yake kwamba ni kijana ndiye aliyeomba kuja, halafu ananyamazishwa kama mtoto aliyeongea darasani. Kengele ilipolia nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi nikamwambia mwanga wa dirishani unaniumiza macho, anihamishe. Macho yangu, Kifuniko. Mimi niliyeitwa Jicho. Akakubali bila swali, akiwa na uso wake wa korongo.

Na sheria ile niliijua kuliko wewe! Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni. Lakini hata siku moja, miaka yote hii, haikunijia akilini kwamba ulikuwa unafuata sheria. Nilidhani sheria ni ya sarafu. Sikudhani mtu anaweza kuifuata hata kwa jambo kama lile. Nilisahau nilikuwa namwuliza nani. Wewe ulikuwa ukipiga chafya unatoka kwanza nje ya chumba.

Halafu ukaja mizani na trei. Ningejuaje? Ulipoingia nilijiambia amekuja. Kisha nikaona trei. Nikasema basi, amekuja kikazi, na mimi nitamjibu kikazi. Ungekuja mikono mitupu, domo zege wee, ungeniona nilivyo. Na sasa umerudia yaleyale. Mwaka ule ulibeba mzigo wa kupima, mwaka huu kisanduku cha kufungua. Ukitaka kusema nami lazima ushike kitu.

Nikwambie jambo jingine, ili tuwe sawa. Jumamosi ile nilivaa gauni la kijani. Pamoja na ghadhabu zangu zote, nilivaa. Nilikaa kibarazani mpaka baba akaniuliza kama kuna mgeni anakuja, nikamwambia nimevaa tu kupunga upepo.

Sina majuto, usinielewe vibaya. Mwalimu wangu alinipa maisha mazuri, watoto wake wa darasani bado wananisalimia njiani. Wewe ulikuwa na wimbo jikoni. Hakuna kitu hapo ninachotaka kurudishiwa. Lakini nilipoisoma barua yako nilifurahi, Kifuniko, nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa umri wangu. Miaka yote nimelibeba jambo lile kama siku niliyokataliwa. Kumbe sikukataliwa. Kumbe nilikuwa nimeondoka mapema tu.

Ila kuna kitu nimekitafuta kwenye barua yako, mbele na nyuma, sijakiona. Umenieleza kidole, tone, trei, na tabia ya mate. Hukunieleza ulitaka kujibu nini. Ulifunga haraka ili upate kujibu. Kujibu nini?

Nataka jibu langu. Habari ya kisanduku itafuata.

Jicho

*

17 Aprili

Jicho,

Jumamosi nitakuja.

Kifuniko

Nakileta kikiwa kimefungwa. Binti yangu atanisindikiza kituoni tu, amesema safari iliyobaki nimalize mwenyewe.

*

27 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Baba yako amefika salama, na dawa zake za presha anakunywa mbele ya macho yangu. Alishuka kwenye basi ameikumbatia ndoo yenye mfuniko. Kondakta alitaka kuiweka chini kwenye mizigo, baba yako akamwambia humo ndani kuna mgonjwa. Amesafiri nayo njia nzima mapajani.

Dada yangu alimpokea, akamtazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Huyu ndiye aliyechelewa?" Nilikuwa nimemwonya asiseme kitu. Baba yako akajibu, "Ndiye mimi, shemeji," na akakaribishwa kiti chenye mto.

Alitaka tufungue palepale. Nikamkatalia. Nikamwambia bamba likishafunguka hatutaongea, kwa hiyo tumalize kuongea kwanza. Tukaongea. Binti yangu, baba yako anaongea! Hukuniambia. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Aliniambia alichotaka kuniambia Alhamisi ile, chote, na sitakiandika hapa kwa sababu wewe ni mtoto wake.

Kisha tukazima feni, tukatandika taulo. Tulinawa mikono kwenye karai moja. Hapo ndipo nilipogundua hali yetu: mimi siku hizi vitu vya karibu sivioni bila miwani mizito, na yeye mkono unamcheza. Kati yetu sote wawili tulipata mfanyakazi mmoja mzima. Yeye alikiegemeza kisanduku kwa viganja kisisogee, mimi nikapasha stika na kuiinua kwa kadi. Ilitoka nzima, haikuchanika hata pembe. Ganda lilikuwa limeota ukungu upande mmoja. Sponji ilikuwa unga, kama nilivyomwambia. Lakini bamba lilikuwa kavu, unyevu ulikuwa bado haujafika. Vile vipakiti vya viatu vimeokoa maisha.

Ndani ya bamba kulikuwa na ukungu mwembamba uliotoka kwenye plastiki yenyewe, hatukuwa na budi ila kulifungua. Nilimtazama, akatikisa kichwa. Nikabonyeza pembe, bamba likaachia. Dada yangu alikuwa mlangoni, hata yeye alijifunika mdomo kwa kanga.

Lipo, binti yangu. Kwenye ncha ya bawa la kushoto. Dogo kuliko punje ya ufuta, rangi ya chai. Sarafu nyingine zote zinang'aa kama zimegongwa jana, na hiyo moja ina doa langu. Nimekagua maelfu ya sarafu kutafuta kasoro, na kila niliyoiona iliniudhi. Hii niliitazama nikatamani kuibusu, na nisingeweza, unaelewa kwa nini. Nilimwonyesha kwa ukucha, bila kugusa. Baba yako aliinamia, akaangalia, machozi yakamjaa, na yule mtu, badala ya kulia kama binadamu, alirudi nyuma haraka na kugeuza uso pembeni ili lisidondoke hata moja juu ya bamba. Nikajua kabisa nimempata yuleyule.

Tulikaa hivyo, bamba likiwa wazi kati yetu. Ni mimi niliyetikisa kichwa. Akalifunga yeye, maana kufunga ni kazi yake. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Kisha akakaa sawa kwenye kiti, akaweka mikono mitupu magotini, akaniambia, "Sasa uliza tena."

Nikauliza, ingawa Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo na kwetu ndipo alipokuwa ameketi. Alijibu kabla sijamaliza.

Njoo Jumamosi ijayo, umletee nguo. Amekuja na shati moja.

Mama yako,
Jicho